Namna ya Kuandaa Hafla Yenye Taka Chache

Anayetaka kujua hafla yake itazalisha taka kiasi gani asisubiri kuhesabu mifuko kesho yake asubuhi, bali aisome orodha ya manunuzi. Karibu kila kinachoishia kwenye pipa kilikwisha kuandikwa humo wiki kadhaa kabla, kuanzia vikombe vya kutumika mara moja na katoni za maji ya chupa hadi mabango yenye tarehe na mapambo yatakayoning'inia saa tano tu. Kazi huanzia hapo, kwa kuuliza kuhusu kila kitu kama kinahitajika kweli, kama kinaweza kuazimwa au kukodiwa badala ya kununuliwa, na kitakwenda wapi kikishatumika. Kitu kisicho na jibu la swali hilo la mwisho ni afadhali kifutwe mapema, wakati kukifuta hakujamgharimu mtu chochote.

Namba inayoamua mengi kuliko zote ni idadi ya wageni, na hiyo ndiyo waandaaji wengi huikisia. Tuseme umewaalika watu 200. Kwa kuogopa aibu ya chakula kuisha, unamwambia mpishi watakuwa 220. Mpishi naye, kwa hofu ileile, anaongeza asilimia kumi na kupika cha watu 242. Siku ya hafla mtu mmoja kati ya kila watano hakutokea, hivyo wamefika 160, na kuna chakula cha watu 82 ambacho hakuna aliyekusudia kukitupa. Dawa yake ni kuomba uthibitisho mara mbili, mara ya kwanza mwaliko unapotoka na mara ya pili wiki moja kabla, kisha kukubaliana waziwazi na mpishi kwamba nyongeza itawekwa na mtu mmoja tu. Muulize pia ni vyakula gani anavyoweza kuviacha bila kupikwa hadi aone ukumbi umejaa kiasi gani, kwa sababu mchele ulio ndani ya gunia hauharibiki, ila uliokwisha kuiva hausubiri.

Wakati wa kupakua, sahani kubwa humfanya mgeni achukue zaidi ya anachoweza kumaliza, na sinia kubwa lililojaa mezani hubaki nusu likiwa limeshachokolewa na kila mtu. Weka sahani za wastani na masinia madogo yanayojazwa mara kwa mara kutoka jikoni, kwa kuwa chakula ambacho hakijafika mezani ndicho kinachoweza kugawiwa kwa usalama. Chakula cha moto kitunzwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 60 za selsiasi na cha baridi kisizidi nyuzi 5, na kilichokaa nje ya viwango hivyo kwa zaidi ya saa mbili kisipewe mtu. Kwa hiyo mpango wa kugawa ziada hauwezi kubuniwa usiku watu wakiwa wamechoka. Atakayekipokea, chombo atakachokibebea na saa atakayofika vijulikane kabla ya siku yenyewe. Maganda na mabaki ya sahani yapelekwe kwenye mboji. Yakizikwa jalalani pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ya kaboni yenye uzito uleule.

Suala la vyombo linastahili ukali kidogo. Sahani na glasi za kuoshwa ndilo chaguo la kwanza, na kinachowashinda watu si bei bali nani ataviosha. Panga mahali pa kuoshea kama unavyopanga jukwaa: beseni la maji ya moto na sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu lenye dawa ya kuua vijidudu iliyopimwa, kisha rafu ya kukaushia kwa hewa, na watu wawili au watatu wanaolipwa kwa kazi hiyo pekee. Ikiwa hilo haliwezekani, usikimbilie chochote kilichoandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Vikombe vingi vya karatasi vina utando mwembamba wa plastiki ndani, ndiyo maana havivuji na ndiyo maana viwanda vingi vya karatasi havivitaki. Plastiki iliyotengenezwa kwa wanga wa mimea nayo huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukikosa mtambo wa namna hiyo karibu, umenunua tu plastiki ya bei ghali yenye jina zuri.

Maji yawekwe kwenye matangi yenye koki, karibu na walipo watu wengi. Mabango yasiandikwe mwaka wala tarehe, ratiba itumwe kwa simu, beji zikusanywe mlangoni wageni wanapotoka. Kuhusu maputo ya kurushwa angani sioni la kujadili, kwani ni taka tunazozituma kwa majirani tusiowajua.

Mapipa huja mwisho, lakini yakipangwa ovyo huharibu kazi yote iliyotangulia. Sahani moja yenye mchuzi ikitupwa juu ya maboksi makavu inatosha kuyafanya yasipokelewe na mrejelezaji. Pipa lisisimame peke yake hata kidogo: kila kituo kiwe na ndoo ya kumwagia vinywaji, pipa la mabaki ya chakula, la vinavyorejelezwa na la vilivyobaki, kwa mpangilio uleule kila mahali. Juu ya kila pipa gundisha kitu chenyewe, yaani kopo halisi, ganda halisi, kikombe kilekile kinachotumika siku hiyo, maana mtu aliyeshika sahani mkono mmoja hasomi maelezo. Dakika 20 za mwisho wa mlo, msimamishe mtu hapo awaelekeze wageni.

Hata hivyo, taka si mzigo wote. Mara nyingi safari za wageni huchafua hewa kuliko kila kilichomo ukumbini, hivyo ukumbi unaofikika kwa basi na wenye umeme wa kutosha bila jenereta ya dizeli huokoa mengi. Kwa hafla kubwa upo utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 20121, uliotolewa mwaka 2012 London ilipokuwa ikijiandaa kupokea Michezo ya Olimpiki, nao unaeleza namna ya kuweka malengo na kuyafuatilia. Hafla ndogo haihitaji cheti. Inahitaji mkataba unaomtaka kila mleta bidhaa aondoke na kreti na vifungashio vyake.

Kabla gari la taka halijafika, pima kila mfuko kwa mizani ya kuning'iniza na uandike aina yake. Kilo 48 kwa wageni 160 ni gramu 300 kwa kila mmoja. Andika namba hiyo juu kabisa ya orodha ya manunuzi ya hafla ijayo, na pembeni yake vile vitu vilivyorudi bila kuguswa.