Kuondoa kundi la usalama kwenye seva ya AWS kwa komandi, bila kuiangusha saiti

Juzi usiku nilikuwa kwenye simu na kijana mmoja wa Chake Chake, anaangalia seva ya skuli moja kule Pemba, ile wazee wanapoingia kutazama matokeo ya watoto. Fundi aliyekuwepo kabla yake kashaondoka zamani ila kundi lake la usalama (security group, orodha ya kanuni za nani anaruhusiwa kuifikia seva na kwa poti ipi), hizi sg- za AWS, yaani seva za kukodi za Amazon, bado limening'inia kwenye seva na limefungua poti 22 (mlango wa SSH, njia ya kuingia ndani ya seva ukiwa mbali) kwa dunia nzima. Kulitoa ni kazi ya dakika tano, sisi tulianza baada ya Magharibi tukamaliza karibu saa saba usiku. Naandika ili yasimkute mwengine.

Kuinstoli AWS CLI (programu ya kuiendesha AWS kwa komandi) na `aws configure` sielezi. Tumia toleo la 2, na tumia komandi tu, yakhe, usiende kubonyezabonyeza kwenye brauza, kwa sababu komandi unaweza kuihifadhi na kesho ukajua ulifanya nini.

Hatua ya 1: jijue uko wapi

`aws sts get-caller-identity`

Hii inakwambia umeingia kwa akaunti gani. Halafu `aws configure get region`. Seva ikiwa Cape Town (af-south-1) na wewe umeelekeza Ireland (eu-west-1) utaambiwa seva haipo.

Hatua ya 2: piga picha ya hali ilivyo

`aws ec2 describe-instances --instance-ids i-0d4 --query "Reservations[].Instances[].NetworkInterfaces[].{kadi:NetworkInterfaceId,makundi:Groups[].GroupId}" --output json > kabla.json`

(Namba nimezifupisha, weka zako.) Sisi tulikuta kadi moja ya mtandao na makundi matatu: sg-0aaa la wavuti, sg-0bbb la SSH kutoka ofisini, na sg-0ccc la yule fundi. Faili hili usilifute mpaka kazi iishe kabisa.

Hatua ya 3: kulitoa kundi kwenye seva

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Kijana aliandika hivi:

`aws ec2 modify-instance-attribute --instance-id i-0d4 --groups sg-0ccc`

Yeye kafahamu kwamba `--groups` unataja kundi unalotaka kulitoa, na ukiisoma haraka hata mie ningefahamu hivo hivo. Kumbe `--groups` ni orodha ya makundi YATAKAYOBAKI, inafuta yote yaliyokuwepo na kuweka uliyoyataja. Kwa hivyo tukabakisha lile baya peke yake na kuyatoa mazuri mawili. Na komandi hii ikifanikiwa haisemi kitu, inarudi kimya, basi sisi tukajua tumemaliza. Saiti ikafa. SSH inaingia vizuri (bila shaka, kundi la fundi si limefungua 22), ndani ya seva `curl localhost` inajibu 200 (yaani ukurasa upo), logi za nginx, programu inayotoa kurasa, safi, tukawasha upya nginx mara nne, tukatazama cheti, tukatazama DNS, kumbe mlango wa 80 na 443, ile ya wavuti, tumeufunga wenyewe kwa nje. Nilipomwambia endesha tena ile komandi ya hatua ya 2 tulinganishe na kabla.json ndipo tukaona. Iliyo sahihi ni hii:

`aws ec2 modify-instance-attribute --instance-id i-0d4 --groups sg-0aaa sg-0bbb`

Kabla hujaipiga, mambo haya:

Ongeza kwanza `--dry-run` mwishoni. Ikirudisha kosa la DryRunOperation usishtuke, maana yake ruhusa unayo. Ila inakagua ruhusa tu, haitokwambia kama orodha yako umeikosea.

Hakikisha utaweza kuingia kwa kundi linalobaki. Bando la simu IP yake inabadilika, itazame kwa `curl https://checkip.amazonaws.com`, na kama haimo kwenye sg-0bbb iongeze:

`aws ec2 authorize-security-group-ingress --group-id sg-0bbb --protocol tcp --port 22 --cidr IP_YAKO/32`

Halafu hili wengi hawalijui. Ukiwa umeingia kwa kanuni ya 0.0.0.0/0 (yaani IP yoyote) na njia ya seva kwenda nje (outbound) iko wazi kote, muunganisho wako AWS haiufuatilii, ukiitoa kanuni terminali inaganda papo hapo. Ukiwa umeingia kwa kanuni ya IP maalumu, muunganisho unafuatiliwa na unaweza kuendelea hata kanuni ikishaondoka. Kwa hivyo usijipime kwa dirisha lililokwisha kuwa wazi, fungua jipya. Na piga `who` ndani ya seva, uone kama kuna mtu bado kakaa ndani.

Seva ikiwa na kadi zaidi ya moja komandi itakataa, ikwambie kuna kadi nyingi. Hapo unakwenda kadi kwa kadi:

`aws ec2 modify-network-interface-attribute --network-interface-id eni-0e1 --groups sg-0aaa sg-0bbb`

Hatua ya 4: kulifuta kundi lenyewe

Likifutika halirudi, basi hifadhi kanuni zake kwanza kwa `describe-security-groups`, kisha:

`aws ec2 delete-security-group --group-id sg-0ccc`

Ukipata DependencyViolation, bado kuna kitu kimelishika. Tafuta kadi:

`aws ec2 describe-network-interfaces --filters Name=group-id,Values=sg-0ccc`

na makundi mengine yanayolitaja:

`aws ec2 describe-security-groups --filters Name=ip-permission.group-id,Values=sg-0ccc`

(Rudia kwa `egress.ip-permission.group-id`.) Sisi tulilikuta limetajwa kwenye kundi la databesi, tukaitoa kanuni ile kwa `revoke-security-group-ingress`, likafutika. Lile linaloitwa default halifutiki, liache.

Tukauliza tena `describe-security-groups --group-ids sg-0ccc`, ikajibu InvalidGroup.NotFound. Kijana akafungua ukurasa wa matokeo kwenye simu ya mamake, ukafunguka.