Kusahihisha msimbo wa mwenzako bila kumkimbiza

Kijana wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ametuma mabadiliko yake ya kwanza kwenye mradi wenu wa programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaweza kusoma na kuboresha msimbo wake: mistari 12 ya kukagua namba za simu za Kongo, zinazoanza na +243. Ajibiwe ndani ya saa 48, hata kama hamjasoma: «Asante, tumeona. Tutasoma Jumamosi.» Mgeni akikaa wiki mbili bila jibu ataona amedharauliwa, na harudi. Yeye naye akinyamaza, msidhani ni kiburi. Lubumbashi umeme hukatika, mega za intaneti huisha. Subirini siku 7 ndipo mumkumbushe.

Kwenye masahihisho yenyewe ndipo wengi hujikwaa. Tazama haya:

«Wewe, hukujaribu hii. Ongeza tu +243, ni rahisi.»

«Wewe» mwanzoni mwa sentensi ni sauti ya kugomba. «Hukujaribu» ni tuhuma, msahihishaji hakuwepo. «Tu» na «ni rahisi» humwambia aliyekesha nayo kwamba hana akili. Na juu ya hayo, mstari wenye kosa hautajwi! Iandikwe hivi:

«Asante kwa kazi. Lazima: mstari wa 8, namba ikianza na 0, kama wengi tunavyoiandika, inakataliwa. Tuondoe hiyo 0, tuweke +243, kisha tuhakikishe zinafuata tarakimu 9. Hiari: jina la kigezo lingekuwa refu kidogo.»

«Inakataliwa» inataja kilichotokea bila kumnyooshea mtu kidole. «Tuondoe» inaifanya kazi kuwa yetu sote. Lakini adabu ikizidi nayo huharibu. Maoni kumi yaliyojaa «labda» na «kama ungependa» humwacha mtu hajui lipi litazuia kazi yake isipokelewe, ndiyo maana ya «Lazima» na «Hiari». Nafasi na mpangilio wa mistari viachieni programu ya kupanga msimbo, ijiendeshe yenyewe kila mabadiliko yanapotumwa. Hakuna anayekasirikia mashine.

Utani ubaki kwa mnaofahamiana ana kwa ana. Neno linalochekesha mezani kwa watu waliosoma pamoja, msomaji wa Bukavu hulisoma kama tusi, kwa sababu hasikii sauti wala haoni uso. Maamuzi ya kundi la WhatsApp pia yaandikwe kwenye mradi siku hiyohiyo, la sivyo aliye nje ataona kazi yake imefungwa bila sababu.

Kanuni za mwenendo ziwekwe kwenye faili la CODE_OF_CONDUCT.md. Msiziandike upya: Contributor Covenant, kanuni zilizo tayari kwa miradi kama hii, ipo tangu 2014, ina tafsiri ya Kifaransa, na toleo la 2.1 lina ngazi nne za hatua, kuanzia kusahihishwa hadi kufukuzwa kabisa. Mnachoongeza ni barua pepe za watu wawili wa kupokea malalamiko. Wawili, kwa sababu anayelalamikiwa huenda akawa mwenye mradi. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, mradi mkubwa wa programu huria, aliomba radhi Septemba 2018 kwa maneno yake makali, na mwezi huohuo mradi huo ukachukua kanuni zilizotokana na Contributor Covenant.

Tusi likitokea, lifiche siku hiyohiyo na uache mstari mmoja: «Ujumbe umeondolewa, umevunja kanuni.» Kisha mwandikie mhusika faraghani, unukuu sentensi yake neno kwa neno. Akisema alikuwa anatania, usibishane naye, mwambie ilivyosomeka. Akirudia na mkamsimamisha, mpeni tarehe ya kurudi.