Namna ya Kumpokea Mpigaji Simu Anayefikiria Kujiua: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Mwaka 1953, jijini London, kasisi wa Kianglikana Chad Varah alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokuwa wakifikiria kujiua, akikusudia kuwashauri yeye mwenyewe katika kanisa la St Stephen Walbrook. Watu wa kawaida waliojitolea kumsaidia waliwaandalia wageni chai na kukaa nao wakati wakisubiri kumwona, na haukupita muda ikabainika kwamba wengi wakishazungumza na wenyeji hao hawakuhitaji tena kuingia kwa kasisi. Februari 1954 aliwakabidhi kazi ya kupokea simu, na huduma hiyo, Samaritans, hadi leo inategemea watu wanaojitolea. Ukilifahamu hilo utaelewa pia mipaka ya kazi yako: kutambua ugonjwa na kutibu ni kazi ya wataalamu, yako ni kumsikiliza mtu kwa makini katika saa yake ngumu kuliko zote.

Usipokee simu hata moja kabla ya kumaliza mafunzo na kukaa kando ya mzoefu ukimsikiliza anavyofanya. Kwa wengi wetu, sehemu ngumu ya mafunzo hayo ni kuacha kutoa nasaha. Tumelelewa katika desturi ambamo mwenye shida huambiwa avumilie, amshukuru Mungu, awafikirie wanawe. Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini mtu aliyekata tamaa huyasikia kama lawama, naye hunyamaza.

Hata salamu zinahitaji uangalifu. Mpigaji akiwa mtu mzima kwa sauti, mwamkie kwa heshima inayomstahili, lakini usimpitishe katika mfululizo wa habari za nyumbani na habari za kazi, kwa sababu adabu itamlazimu kujibu kwamba ni nzuri, na akishasema hivyo itamwia vigumu kurudi nyuma. Taja jina la huduma, mwambie kwamba unamsikiliza, kisha nyamaza. Akilia, au akikaa kimya kwa dakika kadhaa, mwambie tu kwamba bado upo.

Tuseme mpigaji anasema, "Nimewachosha watu wote. Bora nisingekuwepo." Ukimjibu, "Usiseme hivyo, mama yako anakupenda," umemfungia mlango. Mrudishie kwanza alichokisema, kwa mfano, "Unaona umekuwa mzigo kwao," umwache aendelee, halafu umuulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hili wakidhani litampandikiza wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kuruhusiwa kutamka jambo alilolibeba peke yake.

Akikubali, endelea kuuliza kwa utulivu: amekusudia lini, alichokusudia kukitumia kiko karibu naye, yuko peke yake, je, ameshajidhuru? Majibu hayo ndiyo yanayokuonyesha ukubwa wa hatari. Msukumo mkali wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka, na ndiyo maana kumwomba akiondoe kitu hicho karibu naye, au ampe mtu anayemwamini akitunze, huweza kuokoa maisha. Iwapo ameshajidhuru, au yuko mbioni kufanya hivyo, mwite msimamizi papo hapo huku ukiendelea kuzungumza naye, ili msaada wa dharura utafutwe kwa utaratibu wa kituo chenu.

Mweleze mapema kuhusu siri, pamoja na mipaka yake. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba, na hofu iliyojengwa na sheria ya aina hiyo haiondoki siku moja. Usimwahidi usiri usio na mwisho ikiwa kituo chenu huwajulisha wengine pale uhai unapokuwa hatarini. Kwa watoto, Kenya na Tanzania zina namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Kabla ya kuagana, kubalianeni jambo dogo analoweza kulifanya usiku huo huo, kama vile kumwita ndugu aje alale kwake, na mtajie hospitali au mtaalamu anayeweza kumwendea. Usimpe namba yako binafsi wala usiahidi kukutana naye, kwa kuwa usalama wake hauwezi kutegemea mtu mmoja ambaye kesho huenda hayuko zamu.

Zamu ikiisha, usiende nyumbani kabla ya kuzungumza na msimamizi, hasa ikiwa simu ilikatika ghafla na hujui kilichofuata. Kituo kisichowatengea wanaojitolea nafasi hiyo kinawaumiza, na una haki ya kuidai.