Jinsi ya kuomba usajili wa PDPO ikiwa programu yako ya simu inatumiwa na watoto

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya Uganda, ya mwaka 2019, haibagui kampuni kubwa na kijana anayetengeneza programu chumbani kwake Ntinda. Ukikusanya jina, namba ya simu au mahali alipo mtumiaji, unatakiwa kujisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPO, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Julai 2025 ofisi hiyo iliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kutojisajili, ikaipa siku 30 kufanya hivyo.

Kabla ya kugusa fomu, maliza kwanza suala la umri. Uganda, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, si 13 kama tulivyozoea kusoma katika masharti ya kampuni za Marekani. Kifungu cha 8 kinakataza kukusanya taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa sheria ikilazimu au kwa ajili ya utafiti na takwimu. Kanuni za 2021 nazo zinakutaka uwe na mfumo wa kutambua umri wa mtumiaji na njia ya kupata ridhaa hiyo.

Hapa usifanye haraka. Kisanduku cha "Nimetimiza miaka 18" mtoto wa P5 (darasa la tano la msingi) anakibonyeza na kuendelea. Namba ya simu nayo haithibitishi umri: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, simu moja wanaitumia watoto watatu. Ukituma namba ya uthibitisho kwenye simu hiyohiyo, mtoto ataisoma na kujipa ruhusa mwenyewe.

Uliza mwaka wa kuzaliwa bila kudokeza jibu unalolitaka. Akiwa chini ya 18, simamisha ukusanyaji wote, kisha omba namba nyingine ya mzazi, na umweleze mzazi kwa Kiswahili, Luganda au lugha nyingine anayoielewa ni kitu gani unachukua na kwa nini. Familia yenye simu moja ihudumie kwa fomu ya karatasi kupitia shule. Tafadhali, usidai NIN (namba ya utambulisho wa taifa) wala picha ya kitambulisho kwa ajili ya mchezo wa hesabu. Utajirundikia taarifa nzito usizo na uwezo wa kuzilinda.

Sasa ingia pdpo.go.ug, fungua akaunti na uchague nafasi yako: mkusanyaji, mchakataji (anayezifanyia kazi taarifa kwa niaba ya mwingine) au mdhibiti wa taarifa (anayeamua zitumike kwa nini na vipi). Mwenye programu yake mwenyewe mara nyingi ni zaidi ya kimoja. Utaeleza aina za taarifa, ni za nani, za kazi gani, nani anazipokea, unazilindaje na zinakwenda nchi zipi. Swali hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha watu, kwa sababu vijenzi vya matangazo na takwimu (SDK, yaani msimbo wa kampuni nyingine) ulivyopachika ndani ya programu hupeleka utambulisho wa simu nje ya nchi hata kama wewe huzioni taarifa hizo. Vipitie kimoja kimoja. Kisichohitajika kwa watoto kiondoe, kilichobaki kiandike.

Ambatisha ahadi ya maandishi kuhusu taarifa zinazotoka nje ya Uganda, taja mtu anayesimamia ulinzi wa taarifa, lipa ada ya shilingi 100,000 na utunze risiti.

Kama programu yako inapatikana Marekani pia, jimbo la Utah lilipitisha Machi 2025 sheria inayoyataka maduka ya programu yathibitishe umri na kumpa mtengenezaji kundi la umri wa mtumiaji. Apple na Google tayari wana zana za kupitisha taarifa hiyo. Ukiipokea, nayo ni taarifa binafsi, iingize kwenye fomu. Haichukui nafasi ya ridhaa ya mzazi aliye Gulu au Mbale.

Cheti hudumu miezi 12. Anza kukihuisha kabla hakijaisha, na ukiongeza kipengele kinachokusanya kitu kipya, ijulishe ofisi kabla ya kukiachia kwa watumiaji.