Somo: Kurekebisha Firefox inayofunguka "nje ya mtandao" kwenye Linux ilhali intaneti ipo

Tatizo lenyewe ni hili: kompyuta ina intaneti, terminali (dirisha la kuandikia amri) inapata data bila shida, lakini kila Firefox inapofunguliwa inaleta ukurasa wa "Offline mode". Mtumiaji hulazimika kwenda kwenye menyu ya File na kuondoa tiki kwenye "Work Offline", kisha kesho yake anaikuta tiki imerudi. Somo linahusu zaidi matoleo ya zamani, ambayo huenda bado yamo kwenye baadhi ya kompyuta za maabara za shule na vituo vya intaneti.

Tuanze na chanzo, kwa sababu anayerukia dawa bila kukijua atarudi hapa wiki ijayo. Firefox 3, iliyotoka Juni 2008, ilipewa uwezo wa kuiuliza programu ya NetworkManager, inayosimamia miunganisho ya mtandao kwenye Linux, kama mtandao upo; huiuliza kupitia D-Bus, njia ambayo programu hutumia kuwasiliana. Sasa, ukiwa umeunganisha mtandao kwa njia nyingine, mathalani kwa wvdial (programu ya kupigia modemu) na modemu ya USB, au kwa kuandika anwani ya kudumu ndani ya /etc/network/interfaces, NetworkManager haihusiki na muunganisho huo na hujibu kwamba hakuna mtandao. Kivinjari huliamini jibu hilo.

Hatua ya 1. Thibitisha kwamba mtandao upo kweli. Andika ping -c 3 debian.org kwenye terminali. Usipopata majibu, somo hili si lako.

Hatua ya 2. Andika nmcli dev status. Kadi ya mtandao unayoitumia ikionyeshwa kuwa "unmanaged" (haisimamiwi), au modemu yako isipoonekana kabisa, chanzo umekipata.

Hatua ya 3. Andika about:config kwenye sehemu ya anwani. Utaonywa kuhusu kupoteza warranty (dhamana), onyo ambalo watengenezaji waliliweka kwa utani, endelea. Tafuta toolkit.networkmanager.disable, na ukiikuta ni false, ibofye mara mbili iwe true. Vilevile tafuta network.manage-offline-status na uifanye kuwa false. Ondoa tiki ya "Work Offline", funga madirisha yote ya kivinjari, kisha ukifungue tena.

Hatua ya 4. Hatua iliyotangulia hutuliza kivinjari tu. Kwa maoni yangu, kama kompyuta inatumia kadi ya kawaida, ni bora kuikabidhi kwa NetworkManager. Nakili kwanza faili la /etc/network/interfaces, kisha weka alama ya # mbele ya mistari yote ya eth0 (jina la kadi ya mtandao), lakini mistari ya lo (muunganisho wa ndani wa kompyuta yenyewe) usiiguse. Anzisha upya huduma kwa sudo service network-manager restart. Kwenye mifumo mipya amri ni sudo systemctl restart NetworkManager. Usifanye hivi ukiwa umeingia kwenye kompyuta hiyo kwa ssh, yaani kutoka kompyuta nyingine, kwani unaweza kujifungia nje, na kama ilikuwa na anwani ya kudumu, iandike upya ndani ya NetworkManager.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina maabara nzima yenye tatizo hili. Nipite kwenye kila kompyuta nikibofya?

Jibu: Hapana, ndugu. Tengeneza faili liitwalo user.js lenye mstari huu: user_pref("network.manage-offline-status", false); na mwingine wa namna hiyo kwa toolkit.networkmanager.disable, wenye thamani ya true. Linakili ndani ya folda ya profaili ya kila mtumiaji, iliyomo kwenye ~/.mozilla/firefox. Firefox hulisoma kila inapoanza, kwa hiyo hata mwanafunzi akibadilisha mipangilio, itarudi ulivyotaka.

Swali: Firefox imepona, lakini Evolution, programu yangu ya barua pepe, bado inagoma kuleta barua pepe.

Jibu: Evolution haisomi about:config. Nayo hutegemea taarifa za NetworkManager, kwa hiyo fanya hatua ya 4.

Swali: Mimi natumia modemu kwa wvdial na sitaki kuiacha. Kuna madhara nikiishia hatua ya 3?

Jibu: Hakuna la kutisha. Modemu ikikatika, kivinjari hakitajiweka chenyewe nje ya mtandao. Kitajaribu kufungua ukurasa, kishindwe, na kukuletea ujumbe kwamba seva haikupatikana. Unganisha tena, kisha pakia ukurasa upya.