Kukinga Chumba cha Kuvuta cha Gari la Kulala Kabla ya Mvua za Dodoma

Chumba cha kuvuta ni ile sehemu ya ukuta wa gari la kulala, yaani gari lililojengwa ndani kama nyumba, ambayo mota huisukuma nje gari likishaegeshwa na kuirudisha ndani kabla ya safari. Magari ya namna hii ni machache kwetu, na mengi huletwa na wasafiri wanaokatiza Dodoma kati ya Iringa na Arusha. Niliyoyashughulikia yamenifunza kwamba maji yanayoingia Desemba hupita penye nyufa zilizopasuliwa na jua la miezi ya kiangazi, wakati mpira unaoziba kingo za chumba unakauka na vumbi jekundu linausugua kama msasa kila chumba kinapotembea. Kwa hiyo kazi hii ifanyike Oktoba, mawingu yakiwa bado mbali.

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, hakikisha kwa pima maji, kisha toa chumba hadi mwisho, kwa sababu chumba kilichotoka nusu hakiubani mpira wa kuzuia maji hata kama mpira wenyewe ni mpya.

Pili, panda ngazi ufagie paa la chumba, halafu osha mipira yote kwa kitambaa, maji na sabuni laini. Petroli na thina zisitumike kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Mipira ni ya aina mbili: mmoja mwembamba kama ulimi, unaofagia maji chumba kinapotembea, na mwingine mnene wenye uwazi ndani, unaobanwa chumba kikifika mwisho. Ulimi uliopinduka upande usio wake huyaelekeza maji ndani, nao hurekebishwa kwa kidole tu. Kwa mpira mnene, fungia kipande cha karatasi kati yake na ukuta, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira umelala na haufai tena. Kagua zaidi pembe za juu, mahali mipira miwili inapokutana, kwani ndiko uvujaji mwingi huanzia. Mwisho ingia uvunguni na ubonyeze kingo za sakafu kwa ncha ya bisibisi. Plaiwudi nzima hukataa. Iliyolowa hupokea ncha kama muhogo uliochemshwa, na hapo sakafu itengenezwe kabla ya kuziba chochote, la sivyo utaufungia unyevu ndani.

Nne, kwangua gundi yote ya zamani kwenye viungio, futa kwa spiriti, acha pakauke, ndipo upake mpya. Niliwahi kupaka silikoni juu ya silikoni kuukuu kwa kuharakishwa na mwenye gari, na baada ya wiki chache ilibanduka yote kama utepe. Paa likiwa la mpira, tafuta gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya paa hilo, maana silikoni ya madirisha haishiki vizuri.

Tano, pulizia mipira dawa ya silikoni. Wapo mafundi wanaopaka grisi au oili chafu ili mpira ung'ae; mafuta hayo huuvimbisha na kuulainisha hadi uharibike, tena huvuta vumbi, na Dodoma vumbi halihitaji kuitwa.

Sita, jaribu kwa maji ya mpira wa kumwagilia bustani yasiyo na kasi kubwa, mwenzako akiwa ndani na tochi. Anza chini, upande polepole, ukikaa dakika kadhaa kila sehemu. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Tone linaloonekana ndani mara nyingi limesafiri kando ya fremu au skrubu, kwa hiyo mwenzako alifuate kwa tochi kuelekea juu hadi alikotokea.

Mvua zikishaanza, fagia maji na majani juu ya chumba kabla ya kukirudisha, hasa majani na miiba ya migunga. Ukilazimika kukirudisha kikiwa kimelowa, kitoe tena mara ufikapo uendako, ukiache wazi hadi mazulia na kingo za sakafu zikauke.