Ukungu ukutani? Siki kwanza, jiki iache

Jamani wenye nyumba karibu na ziwa, yale madoa meusi nyuma ya kabati na kwenye kona za bafu ni ukungu, na ukungu unaota palipo na unyevu, so ukipaka rangi juu yake utarudi tu. Chukua siki nyeupe ya kawaida, usiichanganye na maji, tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia doa liloe kabisa halafu uliache kama lisaa limoja hivi ndo usugue kwa brashi, futa na kitambaa chenye maji, kisha KAUSHA, hapo kwenye kukausha ndo wengi wanaharakisha. Harufu ya siki inaisha yenyewe ikikauka. Ila tafadhali sana usije ukachanganya siki na jiki, inatoa gesi ya klorini, mapafu yataumia. Na kwenye marumaru ya jiwe halisi usiweke siki, inakula jiwe.

Halafu sogeza kabati kidogo kutoka ukutani hewa ipite, fungua madirisha ya pande mbili mchana jua likiwa kali, na nguo mbichi usianike chumbani, maji yote yale yanaishia ukutani.